Uhuru wa Mbegu Hautoshi Bila Elimu ya Mmea

Mnamo Novemba 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha vifungu vya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea vilivyomzuia mkulima kuhifadhi, kubadilishana na kuuza mbegu zisizosajiliwa. Kesi hiyo iliwasilishwa mwaka 2022 na wakulima wadogo 15. Chini ya vifungu hivyo, mkosaji aliweza kufungwa hadi miaka miwili au kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja.

Wengi walishangilia, nami niliwaunga mkono. Iweje kumpa jirani kibaba cha kunde kuwe hatia? Hata hivyo, nachelea kwamba shangwe hizo zimefunika jambo moja muhimu. Mahakama yaweza kumruhusu mkulima kuhifadhi mbegu, lakini haiwezi kuiamuru mbegu hiyo izae kama mama yake. Hilo huamuliwa na maumbile ya mmea wenyewe.

Wahenga walinena kwamba apandacho mtu ndicho avunacho. Kauli hiyo ni kweli kwa maharagwe, ila kwa mahindi ina walakini. Ua la haragwe hujichavusha lenyewe, aghalabu kabla halijachanua. Kwa hivyo mtoto hufanana sana na mzazi, na mkulima aweza kuihifadhi mbegu hiyo msimu baada ya msimu. Ndivyo ilivyo pia kwa wimbi na, kwa kiasi kikubwa, kwa kunde.

Mahindi yana tabia tofauti. Mbelewele iliyo kileleni ndiyo ua la kiume, nalo suke lililo ubavuni mwa bua ni la kike. Kila unywele unaochomoza kwenye suke huelekea kwenye punje moja, na usipopata chavua, punje hiyo haiumbiki. Kwa kuwa chavua hupeperushwa na upepo, sehemu kubwa ya punje za suke moja huwa na baba kutoka mimea mingine, pengine hata kutoka shamba la jirani.

Hapa ndipo lilipo suala la mbegu chotara. Mwaka 1964, watafiti wa Kitale walitoa aina iliyoitwa H611, iliyopatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mengine yenye asili ya Ecuador. Mazao yaliongezeka kwa kuwa kizazi cha kwanza cha mchanganyiko kama huo huwa na nguvu za ajabu. Lakini mkulima akizipanda punje alizovuna, sifa za wazazi hutawanyika: bua moja refu, jingine fupi, suke moja nono, jingine dhaifu. Mavuno hupungua. Mkulima asiyelijua hili atalaani mvua au udongo, ilhali chanzo ni mbegu aliyoihifadhi kwa nia njema.

Je, basi tuyaachie makampuni kila kitu? La hasha. Zipo aina za mahindi zisizo chotara, kama vile Katumani iliyokuzwa kwa ajili ya maeneo makavu ya Ukambani, ambazo mkulima aweza kuzihifadhi. Sharti achague masuke kutoka mimea mingi yenye afya, katikati ya shamba, wala si kuokota yaliyosalia ghalani. Aidha, mwaka 2011 ugonjwa hatari wa virusi uliyavamia mahindi katika eneo la Bomet na kuenea kwingineko. Msiba huo ulitufunza kwamba taifa linalotegemea aina chache za mbegu limejiweka rehani. Mbegu za kienyeji zilizomo vibuyuni mwa bibi zetu ni akiba ambayo wataalamu wenyewe huihitaji wanapotafuta kinga dhidi ya maradhi.

Wanaotetea usajili wa mbegu nao wana hoja. Mbegu bandia zimewafilisi wakulima wengi, na maradhi kadhaa ya maharagwe husafiri ndani ya mbegu. Ila dawa ya ulaghai ni kumwadhibu mlaghai na kumwelimisha mkulima, si kumfunga anayemgawia jirani.

Kazi hiyo ya kuelimisha naiona mikononi mwa walimu. Uchavushaji hufunzwa katika shule zetu, lakini mara nyingi kama mchoro wa kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Namwomba mwalimu awapeleke wanafunzi kwenye shamba la shule. Walifunike suke changa kwa mfuko wa karatasi kabla ya nywele zake kuchomoza, na waache jingine wazi. Wiki kadhaa baadaye, gunzi tupu litawafunza mengi kuliko kurasa kumi za kitabu. Kisha wapande punje za chotara kando ya mbegu mpya ya aina hiyo hiyo, wapime mavuno, na wakawasimulie wazazi waliyoyaona.

Mwanafunzi huyo atakapofika nyumbani, ataweza kumwambia mamaye ni mbegu ipi ya kutia kibuyuni na ipi ya kununua. Uamuzi huo hufanywa kabla ya mvua za masika, na ndio unaoamua iwapo chungu kitakuwa na ugali ama maji matupu. Mahakama imewarudishia wakulima haki yao. Shule zisipowapa maarifa ya kuitumia, njaa itabaki pale pale ilipokuwa.