Mbawakawa Mwenye Kualika

Mbawakawa wa jamaa hii aangukapo chali hujikunja. Kijiti kilicho chini ya kifua chake huteleza ghafula kitunduni, kikaalika kama vidole, naye akarushwa juu.

Wakulima wana haki kuwachukia, kwani funza wa aina nyingine, wagumu kama waya, hula mbegu za mahindi na viazi. Lakini Tetralobus, aliye mkubwa na adimu kuonekana, afikiaye inchi 3, funza wake hukaa vichuguuni mwa mchwa. Magharibi ya Nairobi, Dagoretti na Karen, vichuguu huvunjwa nyumba zijengwapo. Akaaye humo hupoteza makao.

Basi amwonaye mkubwa huyo penye taa usiku asimponde kwa kosa la nduguye. Yafaa apeleke habari Jumba la Makumbusho la Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1930, ambako wadudu hukusanywa na kuchunguzwa.