MGENI WA TABORA ANALALA WAPI?



Ndugu Waislamu, Tabora ni mji uliokuzwa na wageni. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa kwa wiki nyingi. Novemba 1857 Mwingereza Richard Burton alipofika Kazeh, alipatiwa nyumba ya kukaa, na mfanyabiashara Snay bin Amir akamkirimu sana. Hatuisifu njia ile kwa kila jambo. Ilipitisha minyororo ya watumwa pia, na dhulma ni dhulma hata akiitenda mwenye kuswali. Lakini kumkirimu mgeni ni katika mafundisho ya Mtume (SAW), na tunauliza: ukarimu huo umekwenda wapi?

Mgeni wa leo ni kijana kutoka Kaliua, Sikonge au Kasulu, aliyekuja kusomea ualimu, uhazili au uuguzi. Anabisha hodi Isevya, Ng'ambo au Gongoni. Mwenye nyumba, aliyetoka kuswali Isha katika safu ya mbele, anamjibu: kodi ya miezi sita, taslimu.

Tufanye hesabu. Chumba cha shilingi 40,000 kwa mwezi kinahitaji shilingi 240,000 kabla kijana hajanunua godoro wala kibaba cha unga. Akienda likizo, anakilipia chumba asicholala. Mzazi wake anasubiri mauzo ya tumbaku. Basi kijana anakimbilia mikopo ya simu na ile iitwayo "kausha damu". Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku programu 69 za kukopesha zisizo na kibali, lakini marufuku haimpi mtu mahali pa kulala. Tunakemea riba mimbarini, kisha kwa mikono yetu tunawasukuma watoto wetu ndani yake!

Watasema: nyumba ni mali yetu na kodi ni halali. Ni kweli, kodi ni halali. Je, kuipokea mwezi kwa mwezi ni haramu? Mwaka 2021 Serikali, ambayo haina dini, iliifuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani katika mikopo ya elimu ya juu. Sisi wenye Qur'ani tumemfutia nini mwanafunzi? Answari wa Madina waligawana na Muhajirina nyumba na mali. Masahaba mafakiri, Ahlus-Suffa, walilala katika msikiti wa Mtume (SAW). Misikiti yetu inafungwa kwa kufuli baada ya Isha.

Nanyi wanafunzi hamna udhuru. Israfu imekatazwa katika Suratul Israa, na bando la kila siku na chipsi mayai za kila jioni ni israfu kwa anayesomeshwa kwa jembe la mama yake. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa chakula cha wawili huwatosha watatu. Wapagazi wa Kinyamwezi waligawana katika kambi, wakapika chungu kimoja na kula posho yao pamoja. Kaeni watatu chumba kimoja, na ile shilingi 40,000 itakuwa chini ya 14,000 kwa kila mmoja. Nunueni unga na maharage kwa jumla, pikeni kwa zamu, njooni na karanga na michembe ya nyumbani.

Tunawataka wenye nyumba Waislamu wapokee kodi ya mwezi mmoja mmoja, na wasitoze miezi ya likizo. Kila msikiti uwe na orodha ya vyumba vya wanafunzi, wa kiume mbali na wa kike. Na wenye uwezo waweke nyumba wakfu, kama zilivyowekwa kwa wanafunzi wa Al-Azhar karne nyingi zilizopita.

Siku ya Kiyama hatutaulizwa juu ya Burton. Tutaulizwa juu ya kijana aliyebisha hodi jana.

Wabillahi tawfiq.