Gari Linalosikia Baridi

Juma hili nitawasimulia habari za kamioneti ya misioni yetu, iliyougua kwa muda wa miezi miwili, na za mtu mmoja aliyeteseka pamoja nayo. Someni mpaka mwisho, hata ninyi msio na gari, kwani jambo lenyewe si la chuma tu.

Misioni yetu iko milimani, katika nchi ya Kivu. Mnajua baridi yetu ya alfajiri: umande ni mwingi, na watoto huja shuleni wamejikunja kama kuku walionyeshewa. Kamioneti yetu hutumia mazuti. Hubeba maharage ya wanafunzi, saruji, wanakwaya siku za sikukuu, na zaidi ya yote hubeba wagonjwa. Basi, tangu mwanzo wa mvua, kila asubuhi iliwaka kwa shida, ikatetemeka kama mtu mwenye homa, ikatoa moshi mweupe unaochoma macho. Shofere alipokanyaga ili iongeze mwendo, nguvu haikuja; kilimani ilipitwa na akina mama wenye mizigo ya kuni. Lakini baada ya robo saa ilitulia, na mchana ilikwenda kama gari jipya.

Siku moja, saa kumi ya alfajiri, tuliitwa kumchukua mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Gari lilifika kwake kwa kuteremka, likakaa likimngoja, likapoa. Lilipoanza kupanda kuelekea hospitali, lilitetemeka, likazimika. Wanaume wakamlaza mama juu ya kipoyi, wakambeba mabegani mpaka hospitalini. Tumshukuru Mungu, mama na mtoto ni wazima. Lakini ingaliweza kuwa vingine, na kila mtu alijua hivyo.

Hofu ikageuka hasira, na hasira ikatafuta mtu. Wakaanza kunong'ona kisimani, kisha sokoni, kisha mlangoni mwa kanisa: “Shofere anauza mazuti, anajaza maji mahali pake.” Sisi wa halmashauri ya parokia, nami nikiwamo, tulimwita. Hatukumpiga wala kumtukana. Tulimwambia tu atoe funguo mpaka mambo yatakapojulikana. Naye alijitetea kwa neno moja: “Gari hili linasikia baridi.” Wengine wetu tukacheka.

Tukalipeleka gari mjini kwa mafundi. Lilifika mchana, likiwa na joto la safari. Wakaliwasha, wakasikiliza, hawakuona kosa. Hata hivyo walishauri tununue pompi mpya ya mazuti, na bei yake ilizidi sadaka zetu za miezi mingi.

Ndipo Padri alipomkumbuka mzee mmoja, fundi wa zamani, akaaye nyumba chache kutoka misioni. Mzee alisikiliza habari yote, akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: “Shofere mwenyewe anasemaje?” Tulipomwambia, hakucheka. Akasema, “Kesho asubuhi mtu asiliguse gari kabla sijafika. Na shofere awepo.”

Kabla sijasema alichofanya, yafaa tufahamu kwanza jinsi moteri ya mazuti inavyofanya kazi. Wanafunzi, chukueni pompi ya baiskeli, mzibe tundu lake kwa kidole, mkasukume kwa nguvu mara kadhaa. Mtaona chini yake panapata moto. Hewa ikibanwa hutoa joto. Mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel aliitumia kanuni hiyo, na mwaka 1897, katika mji wa Augsburg, moteri yake ilipimwa ikaonekana kuwa njema. Moteri ya esansi huwashwa kwa cheche ya buji. Moteri ya mazuti haina cheche. Pistoni huibana hewa ndani ya silinda mpaka ibaki karibu sehemu moja katika ishirini ya nafasi yake ya kwanza. Hewa hiyo hupata joto lipitalo digrii 500, kisha mazuti hunyunyizwa ndani yake kama ukungu, yakawaka yenyewe.

Sasa fikirini asubuhi yetu. Chuma cha silinda ni baridi, nacho hunywa joto la hewa kabla mazuti hayajawaka. Tena, huku kwetu juu hewa ni nyepesi. Uso wa Ziwa Kivu lenyewe uko mita 1,460 juu ya bahari, na hapo hewa imepungua karibu sehemu moja katika sita kuliko ile ya pwani. Silinda hupata hewa haba ya kubana. Kwa sababu ya baridi, watengenezaji huweka katika kila silinda buji ya kupasha moto: si ya cheche, bali ni kijiti cha chuma kinachogeuka chekundu kwa nguvu ya bateri, kikasaidia mazuti kuwaka. Buji mbili katika nne zikifa, silinda mbili hufanya kazi na mbili hulala. Ndiyo sababu gari hutetemeka. Mazuti yasiyowaka hutoka nje kuwa moshi mweupe. Na shofere akikanyaga, anaongeza mazuti katika silinda isiyoweza kuyachoma. Basi nguvu haiji, moshi ndio unaozidi. Chuma kikishapata joto, buji hazihitajiki tena, na ugonjwa hutoweka.

Kesho yake, jua halijatoka, mzee alikuja na chupa tupu, taa ndogo yenye waya mbili, na kikombe cha maji. Alianza na shtaka la watu. Alifungua kizibo kilicho chini ya filtri ya mazuti, akakinga katika chupa, akaiweka juu ya ukuta. Maji ni mazito kuliko mazuti. Yakiwamo hushuka chini, na mstari huonekana wazi. Tulingoja. Mstari haukuonekana. Mazuti yalikuwa safi toka juu hata chini. Mzee akatuambia neno la kukumbukwa: hata kama maji yangalionekana, yasingalitosha kumhukumu mtu, kwani tanki lisilojaa hukusanya unyevu usiku, na madumu ya sokoni hayakosi maji.

Kisha akamwambia shofere aliwashe gari. Liliwaka kwa shida, likatetemeka, moshi ukajaa uani. Mzee akachovya kidole katika kikombe, akadondosha tone la maji juu ya kila tawi la bomba litoalo moshi katika moteri, pale linapoanzia kwenye silinda. Juu ya tawi la kwanza na la nne maji yalikauka upesi. Juu ya la pili na la tatu yalibaki yakimeremeta. Hakuhitaji kusema: silinda mbili zilikuwa zimelala.

Akazima moteri, akafungua ukanda wa chuma uunganishao buji, ili kila moja isimame peke yake. Akafunga waya mmoja wa taa kwenye upande wa kujumlisha wa bateri, na wa pili akaugusisha kichwa cha kila buji. Kwa ya kwanza taa iliwaka, na kwa ya nne pia. Kwa ya pili na ya tatu haikuwaka hata kidogo: umeme haukuwa na njia ya kupita, kwani uzi wa ndani ulikatika. Akachunguza pia kama umeme unafika kwenye ukanda shofere anapozungusha funguo, maana buji nzima zisizopata umeme ni sawa na buji zilizokufa. Ulifika.

Hakuishia hapo. Alitazama mpira uletao mazuti kutoka tankini, akaukunja kwa vidole, akatuonyesha ufa mwembamba kama unywele. Usiku hewa iliingia hapo, mazuti yakarudi tankini, na asubuhi pompi ilivuta mapovu. Ili tuamini, alifunga kipande cha mpira mweupe unaopenya nuru karibu na pompi. Gari lilipowashwa tuliyaona mapovu yakipita.

Alishauri tubadili buji zote nne, kwa kuwa zile nzima zilikuwa na umri uleule wa zilizokufa, na mpira wenye ufa. Bei ya vyote haikufika hata sehemu ndogo ya bei ya pompi. Asubuhi ya juma lililofuata gari liliwaka mara moja, likapanda kilima kile kile bila kusita.

Kwa faida ya mashofere na vijana wanaojifunza ufundi, naandika hapa mpango wa mzee.

Kwanza, ugonjwa wa asubuhi utazamwe asubuhi. Gari lililokwisha kupata moto limekwisha kuficha siri yake.

Pili, tazama rangi ya moshi. Mweupe unaochoma macho ni mazuti yasiyowaka. Mweusi ni mazuti mengi kuliko hewa: tazama filtri ya hewa, kwani vumbi la barabara zetu huiziba upesi. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata moteri ikiwa na moto, huku maji ya kupoza yakipungua, waonyesha kwamba maji yanaingia ndani ya silinda. Simamisha gari, umwite fundi.

Tatu, anza na vitu vya bei ndogo: bateri, filtri, mipira, buji. Bateri dhaifu huzungusha moteri polepole, na hewa inayobanwa polepole haipati joto la kutosha.

Nne, baada ya hayo ndipo ufikiri juu ya enjekteri, yaani midomo midogo inayonyunyiza mazuti, na kupima nguvu ya silinda ya kubana hewa. Pompi iwe ya mwisho.

Tano, jihadharini. Katika magari ya zamani mafundi hulegeza kidogo bomba la enjekteri moja moja ili wajue silinda ipi imelala. Katika magari mapya, ambayo mazuti yake hutunzwa ndani ya bomba moja kwa msongo upitao bar 1,000, msijaribu kamwe! Mchirizi wake hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na mtu aweza kupoteza mkono. Magari hayo hupimwa kwa chombo kinachosoma kumbukumbu za kompyuta yake. Lakini buji, filtri na mipira hayakuacha kuvihitaji.

Sasa nirudi kwa mtu wetu. Gari lilipona upesi. Jina la mtu halifungwi kwa spana. Mazuti yalipoonekana kuwa safi ndani ya chupa, nilimtazama shofere. Hakufurahi, wala hakutushutumu. Alisema tu, “Niliwaambia, Mwalimu.” Nami nimefundisha katekisimu miaka kadhaa, nimewaeleza watoto kwamba Amri ya Nane haikatazi uongo peke yake, bali pia kumdhania mwenzetu ubaya bila sababu ya kutosha. Watoto hukariri vizuri. Mwalimu wao alikuwa ameicheka kweli ilipoletwa kwake kwa maneno ya mtu asiyesoma sana.

Kwani shofere alisema kweli. Gari lilisikia baridi. Hakujua kueleza habari za uzi uliokatika, wala hatukumwomba aeleze. Sisi tulitafuta mwizi, na anayemtafuta mwizi haoni mpira wenye ufa.

Padri alituambia kwamba mtu aliyeiba mbuzi hasamehewi kwa kusema samahani huku mbuzi amefungwa kwake, lazima amrudishe. Kadhalika jina jema: lilichukuliwa mbele ya watu, na mbele ya watu lirudishwe. Basi Dominika iliyofuata, baada ya Misa, sisi wa halmashauri tulisimama uwanjani mbele ya wakristu. Mwenyekiti alisema yaliyoonekana, nami nikaishika chupa ile ya mazuti juu ili wote waione. Kisha tukamwomba shofere msamaha, tukamrudishia funguo pamoja na mshahara wa majuma yale. Yule mama wa kipoyi alikuwapo, mtoto mgongoni. Ndiye aliyetangulia kumpa mkono.

Chupa nimeiweka shuleni, juu ya kabati. Wanafunzi wakianza kushtakiana habari ya kalamu iliyopotea, naielekeza kidole tu. Methali ya wazee yatuambia kwamba haraka haraka haina baraka. Nami naongeza kwamba hukumu ya haraka humbebesha asiye na kosa mzigo wa mwingine. Katika nyumba zenu, wazazi wapenzi, mtoto akianza kuzembea, mke akinyamaza, mtumishi akichelewa, ulizeni kwanza, tena ulizeni saa ile ile jambo linapoonekana. Huenda hakuna ubaya wowote. Huenda mtu anasikia baridi tu, na hakuna aliyemwuliza.

Mungu awabariki, na awalinde njiani.