SIKIO LA JUMAPILI: Muziki wa Mahali Pasipo Sauti

Mwezini hakuna hewa, na pasipo hewa sauti haisafiri. Hata jabali likiporomoka huko, aliyesimama kando yake hasikii kitu. Je, msomaji, ni muziki gani uwezao kupafaa mahali kama hapo?

Swali hilo lilimkabili Mwingereza Brian Eno alipotakiwa kutunga muziki wa filamu ya Al Reinert wa Marekani, iliyohusu safari za Apollo. Kati ya mwaka 1968 na 1972 safari hizo ziliwapeleka watu 24 hadi mwezini, na 12 miongoni mwao wakaukanyaga. Eno alikuwa na dukuduku lake. Aliandika kwamba mwaka 1969, alipotazama katika televisheni watu wa kwanza wakishuka huko, ukuu wa tendo lile ulififishwa na picha hafifu na wingi wa maneno. Hapo sisi waandishi wa habari tumeguswa, wala hatuna la kubisha: yako mambo ambayo maelezo huyapunguza.

Jibu lake ni santuri ya mwaka 1983, Apollo: Atmospheres and Soundtracks, aliyoitengeneza pamoja na nduguye Roger na Mkanada Daniel Lanois. Humo hamna ngoma wala mwimbaji. Sauti za vinanda vya umeme huja polepole, hujaa, kisha hupwa kama maji ya bahari. Halafu, pasipo kutazamiwa, husikika gitaa la wachunga ng'ombe wa Marekani, lile linalolazwa na kupigwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi. Sababu ipo: wanaanga walichukua kanda za muziki wa aina hiyo safarini. Walipokuwa mbali kuliko alivyopata kufika binadamu yeyote, walitaka kusikia kwao.

Wako watakaouliza kama huu ni muziki au ni mvumo tu. Swali lao si la kubezwa. Masikio yetu yamelelewa na ngoma iitayo watu, na taarabu ambayo neno ndilo kiini chake. Lakini muziki huu haushindani na hayo. Una kazi nyingine. Mfanyakazi ashindaye kando ya mashine, akarejea katika basi lenye redio ya kupasua masikio, kisha akapokewa na redio ya jirani, hukosa kitu kisichouzwa dukani, nacho ni nafasi ya kuwaza. Na watoto wanaolala na kuamka katika makelele mwishowe huuogopa ukimya.

Basi jaribuni usiku mmoja, watoto wakishakula. Zimeni taa, fungueni dirisha, na muziki huu upigwe kwa sauti ya chini. Msiwaeleze watoto jambo lolote. Ukiisha, mwulizeni kila mmoja ameona nini. Asiyeona kitu naye asilaumiwe, huenda amepumzika.