Mbili ya nje na mbili ya ndani: acheni kuwakaririsha watoto wa Kivukoni

Wadau, kuna kauli inanikera kupita kiasi: eti watoto wa huku bondeni wana vichwa vizito, Hisabati haipandi. Wanaoisema ni watu wazima na akili zao, wengine ni walimu. Leo naijibu.

Chukua mada moja tu, ya kuvuta grafu. Mwanafunzi wa sekondari anaandikiwa ubaoni: 2f(x) inavuta grafu kwenda juu mara 2, na f(2x) inaibana kwa upana hadi nusu. Akiuliza kwa nini 2 ile ile huku inakuza na kule inabana, anajibiwa "ndiyo kanuni, kariri". Anakariri, siku ya mtihani anachanganya, anakosa. Halafu tunasema ana kichwa kizito!

Sasa mpelekeni kwenye shamba la mpunga kando ya Mto Kilombero. Tuseme x ni idadi ya wiki tangu maji yaingie shambani, na f(x) ni kina chake. Maji yanafika sentimita 60 wiki ya 8, na wiki ya 16 yamekauka.

2f(x) ni mwaka wa mafuriko: wiki ya 8 kina ni sentimita 120, ila maji yanakauka wiki ile ile ya 16. Kalenda haijaguswa.

f(2x) ni mwaka mwingine kabisa. Kina cha juu ni kile kile 60, lakini kinafika wiki ya 4, na wiki ya 8 shamba ni kavu. Kwa nini? Kwa sababu 2 ya nje inazidisha jibu, yaani kina. 2 ya ndani inaharakisha kalenda kabla jibu halijatoka. Wewe uko wiki ya 4, fomula inasoma ya 8. Weka f(x/2), kalenda inajikokota: kilele wiki ya 16, maji yanakauka wiki ya 32. Grafu imevutika kwa upana.

Mkulima wa Kivukoni hahitaji kukaririshwa hilo. Mwaka wa kwanza mpunga unazama. Mwaka wa pili maji yanaukimbia mpunga haujajaza punje. Njaa ni mbili tofauti, na mtoto wake anazijua kabla hajaanza shule. Hata daraja la mita 384 lililozinduliwa hapa mwaka 2018 halijengwi bila kujua maji yanapanda kiasi gani na yanakaa muda gani.

Najua mtasema mtihani ni wa Kiingereza. Sawa, afundishwe na Kiingereza chake, lakini aelewe kwanza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilishatamka kwamba Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote, lakini sekondari za serikali hadi leo zinafundisha kwa Kiingereza. Neno lisilo na picha kichwani ni kelele tu.

Msiniambie hakuna bajeti. Chomekeni mti wenye alama za sentimita shambani, mpeni mtoto daftari, apime kila wiki, achore. Akishindwa hapo, ndipo mje kuniambia habari za vichwa vizito.

Nawakilisha.