Monasteri Ikifikia Mwisho Wake

Sisi wa Mtera twajua kwamba Ruaha Mkuu ukikauka huko juu, bwawa halijazwi kwa ndoo. Lakini wapo wanaotaka monasteri za Ulaya, zilizobakiwa na masista vikongwe wachache, zijazwe mabinti zetu ili zisifungwe. Nakataa.

Kanisa lenyewe limekwisha kusema. Kwa Kanoni 616 ya Sheria za mwaka 1983, monasteri ya kike inayojitegemea hufungwa na Kiti cha Kitume peke yake. Si askofu, wala si mwenye kutamani kiwanja. Mwaka 2016 Papa Fransisko alikataza kabisa kutafuta wasichana wa nchi nyingine kwa ajili tu ya kuinusuru monasteri. Agizo la mwaka 2018, Cor Orans, likaongeza: masista wa nadhiri za daima wakibaki 5, jumuiya hupoteza haki ya kujichagulia mkuu.

Mwasema kufunga ni aibu? Aibu ni kumwambia binti wa Kigogo kwamba ameitwa na Bwana, kumbe anatakiwa akauguze wazee. Aliyeitwa kweli na aende. Masista hao watunzwe, mali yao iwafuate, kisha mlango ufungwe kwa heshima.