Msumeno wa Zamani Usitukuzwe

Wapo wazee wenzangu wasiochoka kuhubiri kwamba misumeno ya mnyororo ya zamani ndiyo misumeno, na kwamba hizi chenso za siku hizi ni plastiki tupu. Maneno hayo nayasikia kila nipitapo penye magogo, na kwa kuwa hayajibiwi, vijana wameyashika kama sala. Mimi nayapinga.

Kwanza niwape haki yao. Ile Stihl 070 iliyobuniwa katika miaka ya 1960 ni chuma kweli kweli. Injini yake ina ujazo wa karibu sentimita 106, haina haraka lakini ina nguvu, na fundi mwenye bisibisi na spana ya plagi huifungua chini ya mti na kuifunga tena kabla ya chai. Kwa kupasua mbao kwenye gogo nene, sishangai kwamba bado inapendwa. Lakini mbona wanaoisifu hawasemi kwamba haina breki ya mnyororo?

Ncha ya bapa, upande wa juu, ikigusa tawi lililojificha, mnyororo hukwama, na nguvu yote ya injini huurusha msumeno juu na nyuma, usoni mwa aliyeushika. Hakuna mwenye mikono ya kuwahi jambo hilo. Ndiyo maana katika miaka ya 1970 watengenezaji wa Ulaya walianza kufunga breki: kinga iliyo mbele ya mpini ikisukumwa na mkono, utepe wa chuma huibana ngoma ya klachi na mnyororo husimama papo hapo. Plastiki hiyo mnayoidharau, wazee wangu, ndiyo inayolinda shingo ya mtu.

Kuna pia mtetemo. Misumeno mipya hutenganisha mipini na injini kwa raba au springi. Jirani yangu alikata misindano huko Mufindi miaka mingi kwa msumeno usio na raba hizo. Leo, asubuhi ya baridi ya mwezi Juni, mkewe ndiye anayemfunga vifungo vya shati. Vidole vimekufa ganzi. Yeye hajapata kuniambia kwamba ya kale ni dhahabu.

“Lakini mipya haidumu,” wanasema. Itadumu vipi? Mtu hununua msumeno unaotaka sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili maalumu, kisha humimina oili ya gari kwa kukisia, kama alivyozoea kwa msumeno wa babu yake. Pistoni ikikwama, hulaumiwa kiwanda! Mnyororo mpya hufungwa juu ya gia iliyolika, nao huisha kabla ya wakati wake. Mnyororo wa 3/8 wataka tupa ya duara ya milimita 5.2 au 5.5, na ule wa .325 wataka ya 4.8, sisi tunayo tupa moja kwa yote. Kibaya zaidi ni kile kijino kilicho mbele ya jino la kukata. Kinatakiwa kiwe chini yake kwa milimita 0.65 hivi, basi. Watu hukisaga hadi kikaribie kutoweka, ati mnyororo ule haraka. Unakula, naam, na unaruka pia. Halafu breki inang'olewa kwa sababu inasumbua, na msumeno mpya unakuwa wa zamani kwa hiari yetu.

Nimejiuliza ni nani hasa anayeisifu misumeno ya kale. Mara nyingi si anayeishika. Ni mwenye nayo, aliyeinunua mitumba, anayeikodisha pamoja na kijana aliyevaa kandambili, asiye na kofia ngumu wala kinga ya miguu, anayelipwa kwa idadi ya mbao. Kijana huyo hawezi kuukataa msumeno usio na breki. Akiukataa, mwingine amesimama nyuma yake akisubiri nafasi. Kwa hiyo simwambii yeye. Namwambia tajiri wake: kabla hujanisimulia tena jinsi chuma chako kilivyodumu, nitajie vibarua waliokishika, na wangapi kati yao bado wana vidole kumi.